Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa fizikia, Mbagala

Saa 10:30 alfajiri

Bomba limeanza kukoroma, maana yake maji yametoka. Kabla ya kunawa uso najaza ndoo tatu na pipa, kisha napasha kiporo cha wali. Leo nina vipindi viwili mfululizo vya kidato cha nne, mada ya elimu ya anga. Jana usiku nilimaliza bando langu kupakua picha za Friendship 7, chombo alichopandia John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Zimo kwenye flashi, flashi imo kwenye pochi, pochi imo kifuani. Najua gari ninalokwenda kupanda.

Saa 11:20

"Nyuma kweupe huko! Mama mwenye mpira, sogea!" Konda wa daladala huyo. Mama mwenye mpira ni mimi. Nina mpira wa miguu uliokwisha upepo kidogo na uzi mwekundu wa kushonea, vyote kwenye mfuko wa rambo. Dada aliyekaa dirishani ananipokea begi bila kuniuliza. Mpira nabaki nao.

Saa 3:20 asubuhi

Umeme umekatika. Projekta iko mezani kama jiwe, na picha zangu zote zimo ndani ya flashi. Wanafunzi 68 wananitazama. Natoa mpira.

Nachora Afrika kwa chaki juu ya mpira, Florida upande wa pili, halafu nawaambia kisa. Marekani ilipoanza mpango wake wa kwanza wa kurusha watu angani, ikauita Mercury, ilikuwa na rubani saba waliochaguliwa mwaka 1959 na haraka kubwa, kwa sababu Wasovieti walikuwa mbele. Walitanguliza sokwe kwanza. Ham, aliyetoka Kamerun, alirushwa Januari 1961.

"Madam, kumbe Kamerun wametuzidi na huko? Nilidhani mpira tu!"

Darasa linacheka, na mimi nacheka. Aprili 12 mwaka huohuo Yuri Gagarin, rubani wa Kisovieti, akaizunguka dunia mara moja kwa dakika 108. Mei 5, Mmarekani Alan Shepard akapanda na kushuka kwa dakika 15 tu, hakuzunguka. Glenn ndiye aliyezunguka, mara tatu, Februari 20, 1962.

Sasa nauzungusha uzi. Unatoka Florida, unavuka Atlantiki, unaingia Afrika, unapita Kano huko Nigeria, unashuka kuelekea kusini mashariki. Namwomba binti wa dawati la mbele aniambie unatokea wapi baharini. Anainama, anaufuata kwa kidole.

"Hapa... Madam, hapa si Zanzibar?"

Ndiyo. Wamarekani walikuwa na kituo cha mawasiliano Unguja, Tunguu. Mtandao mzima wa Mercury ulikuwa na vituo 18 duniani, viwili kati ya hivyo vikiwa meli. Swali la leo ni kwa nini vyote hivyo. Kwa nini kisitoshe kimoja?

Kisheria nafundisha kwa Kiingereza. Ila somo likifika penye mfupa sote tunarudi nyumbani kwenye Kiswahili, na mkaguzi anisamehe. Nachora duara, nusu kipenyo kilomita 6,400. Chombo kiko kilomita 200 juu. Mawimbi ya redio ya aina ile huenda moja kwa moja, hayapindi kuufuata mgongo wa dunia, kwa hiyo chombo kikizama chini ya upeo wa macho, sauti imekatika. Kinaonekana kutoka umbali gani? Pythagoras. Chaki inavunjika mara mbili. Jibu: kama kilomita 1,600 kila upande, 3,200 jumla. Kasi yake kilomita 28,000 kwa saa, yaani karibu 7.8 kwa sekunde. Gawanya.

Ukimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari sijamsikia akisema neno, anasema, "Dakika saba."

Dakika saba, tena kikipita utosini. Kikipita pembeni zinapungua. Baada ya hapo Unguja hawana lao, wa meli iliyokuwa Bahari ya Hindi wapokee, kisha Australia. Kama kupokezana mzigo ukutani.

Na katika dakika hizo za Unguja daktari alitaka kujua moyo wa Glenn. Glenn alikuwa na kamba ya mpira ya kuvuta, akavuta kwa nusu dakika, mapigo yakapanda kutoka 80 hadi 124, na baada ya dakika kama mbili yakarudi 84. Basi nasimamisha mchezaji wetu nyota wa shule, achuchumae na kusimama kwa sekunde 30, mwenzake amshike mkono ahesabu mapigo. Anafika 140 na anahema kama jogoo aliyekimbizwa. "Huyu hata Kigamboni hafiki!" Nimepoteza dakika tano kurudisha utulivu, na sijutii hata moja.

Umeme unarudi kengele ikilia.

Saa 4:40

Chai na mihogo ofisini. Mwalimu wa historia ananiongezea upande wake. Kituo kile wengine Unguja walikipinga tangu mwanzo, wakihofia kisiwa kuingizwa kwenye ugomvi wa wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wakaondolewa kwa meli ya kivita, na mwaka huohuo kituo kikafungwa. Naona waliohofia hawakuwa wajinga. Ukiwekewa mlingoti uani kwako usiojua unaongea na nani, nawe utauliza.

Saa 8 hadi saa 10

Kusahihisha. Wawili wameandika Gagarin alitoka Gairo.

Saa 12:15 jioni

Saa hii nimeichagua. Glenn aliruka saa 3:47 asubuhi kwa saa za Florida, kwetu saa 11:47 jioni. Kufika juu ya Unguja ilimchukua nusu saa hivi. Kwa hiyo ilikuwa kama sasa, jua likiwa limelala juu ya mabati. Tanganyika ilikuwa huru miezi miwili na kitu, Kawawa ndiye waziri mkuu.

Jirani yangu mzee, mzaliwa wa Unguja, amekaa barazani na kahawa yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Leo umewafundisha nini watoto wa watu?"

Namweleza. Mitambo ya Tunguu anaikumbuka, waliiona kwa mbali, wakubwa wakiwakataza kusogea. Lakini siku yenyewe hapana. Basi namwambia nilichokigundua jana usiku nikilinganisha kalenda: Februari 20, 1962 ilikuwa katikati ya Ramadhani.

Anaweka kikombe chini. "Saa kumi na mbili na robo? Ramadhani?"

"Ndiyo babu. Bado kama nusu saa kufuturu."

"Basi najua nilikuwa wapi. Jikoni kwa mama, nadokoa kaimati." Anacheka mpaka kofia inakaa upande. Kisha anatazama juu, anauliza, "Na yeye huko alikula?"

Namwambia alikula. Epo zilizosagwa, akazikamua mdomoni kutoka kwenye tyubu, kama dawa ya meno.

"Mchana wa Ramadhani?"

"Mchana wa Ramadhani, babu. Ila yeye si Muislamu."

Anafikiri kidogo.

"Hata angekuwa," anasema, anaokota kikombe chake. "Msafiri huyo. Ana ruhusa."