Leo hakuna mbinu, leo korodani

Jana niliwakalisha vijana wangu wa U-17 nyuma ya goli, jasho halijakauka, nikawaambia leo hakuna mbinu, tunaongelea korodani. Kicheko! Beki wangu wa kulia akajifunika uso na jezi.

Nikawaacha wacheke mpaka waishiwe. Kisha nikauliza, bao la ubingwa wa AFCON iliyochezwa mapema 2024 alifunga nani? "Haller!" Sawa, yule mshambuliaji wa Ivory Coast. Julai 2022, ndiyo kwanza kasajiliwa Dortmund, akakutwa na uvimbe wa saratani kwenye korodani. Akapasuliwa, akapata kemotherapi, akarudi uwanjani Januari 2023. Hapo kimya.

Saratani ya korodani hupenda vijana kuliko wazee, na ikiwahiwa hutibika vizuri sana. Nikawaelekeza: mara moja kwa mwezi, ukitoka kuoga maji ya moto, bingirisha kila moja taratibu kati ya dole gumba na vidole. Ukigusa kinundu kigumu, hata kama hakiumi, nenda hospitali. Moja kuning'inia chini kidogo kuliko nyingine ni kawaida (nilisikia mtu akishusha pumzi).

"Mwalimu, si ndo busha hilo?" Nikamjibu busha ni maji, hili ni jingine, ila wa kutofautisha ni daktari, si mimi mwenye filimbi.

Nikiwa naokota koni, mmoja akanifuata pembeni. Simtaji hata namba ya jezi. "Kocha, nina kitu nataka kukuuliza."

Alhamisi tunaenda hospitali, yeye, baba yake na mimi.