Nyundo kwenye ubavu wa mashua ya simenti

Mwanzoni mwa mwezi niliizunguka mashua yangu na nyundo ndogo, nikaigonga shubiri kwa shubiri. Ti, ti, ti. Sauti kavu, kama chungu kisicho na ufa. Nilipofika nyuma, upande wa kushoto, chini ya mstari wa maji, ikaitika: du. Nikarudia. Du. Chozi la kutu refu kama kidole lilikuwa linashuka hapo hapo kwenye rangi.

Niliinunua miaka 6 iliyopita huku Essex, Uingereza, kwa fedha ambazo Tanga hupati hata pikipiki mpya. Ina futi 38. Mwenyewe wa kwanza aliijenga nyuma ya nyumba yake miaka ya 1970, enzi ambayo Waingereza na watu wa New Zealand, Australia na Kanada walikuwa wakijijengea mashua za ferosimenti. Unasuka kiunzi cha mabomba na nondo nyembamba, unakifunika kwa tabaka za wavu wa kuku ndani na nje, kisha unakikandika mchanga na simenti mpaka kiwe ganda la unene wa inchi 1 hivi.

Watu wanaziogopa. Mkaguzi hawezi kuona yaliyomo ndani ya ganda, na bima huipati kirahisi. Nyingi ziliishia bustanini, hazikuonja maji. Inaniuma, maana kazi hii ilishajaribiwa zamani: Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mashua ya namna hii mwaka 1848, na moja yake mpaka leo ipo kwenye makumbusho ya Brignoles. Mwaka 1973, mashua ya Helsal, ferosimenti tupu, ndiyo iliyotangulia kufika Hobart katika mbio za matanga za kutoka Sydney, Australia.

Mimi ni mtoto wa fundi lipu, na naamini umri wa mashua hizi huamuliwa siku ya lipu. Ganda zima linatakiwa likandikwe kwa mkupuo mmoja, lisiwe na kiungo. Mtu amesuka waya miaka miwili, halafu anawaita marafiki, wanaanza alfajiri, na jua likizama mikono imekwisha nguvu. Nadhani yangu walimalizia huku nyuma.

Nilipochonga nikakuta tundu dogo kama kokwa ya tende, nyuma ya nondo. Lipu haikuwahi kufika. Maji ya chumvi yameingia, nondo imeshika kutu, kutu imevimba na kuibandua lipu ya juu. Shubiri moja pembeni, palipojaa vizuri, chuma ni cha kijivu safi baada ya miaka zaidi ya 40. Nilikaa chini nikakitazama kwa muda mrefu. Baba alikuwa akisema, "Lipu usiyoisukuma haijashika, imeegemea tu."

Basi nikaisukuma. Nilisugua kutu yote, nikapaka gundi ya epoksi, nikaikandamiza lipu mpya kwa kidole gumba na mgongo wa mwiko, mwanangu akiwa ndani na tochi, mpaka akapiga kelele, "Baba, inatokeza huku!"

Sasa nimeifunika kwa magunia mabichi, kama Baba alivyofunika nguzo za watu kule Ngamiani. Nataka ikae na unyevu siku 28. Leo ni ya 9. Nikitoka kazini napita na ndoo.