Siku moja maishani mwangu: kushuti Dunga, na ngege (tilapia) waliokula bajeti

Saa 10:30 alfajiri
Alamu. Mi naishi Nyalenda hapa Kisumu kwa hivyo beach ya Dunga si mbali, lakini ukiwa na kamera ya kukodisha kwa nyumba hulali vizuri, unaamka kila saa kuangalia kama taa ya chaja imegeuka kijani. Kwa wale hawanijui, kazi yenye hunilipia rent ni video za harusi na matanga, huku Nyanza hiyo kazi haikosekani, na sai najifunza filamu pole pole kwa kuingia kwa miradi ya watu. Kwa hii filamu fupi mi ndio navuta fokasi, yaani kazi yangu ni kuhakikisha mwigizaji anaonekana wazi akisonga, alafu dairekta amenipa sini moja niiongoze mwenyewe nijipime. Watu wawili, meza moja ya samaki. Kwa karatasi inakaa rahisi.

Saa 11:40
Tuko beach, stendi ilikuwa imetokeza nje ya tuktuk njia yote. Kabla mtu afungue begi tunaenda kwa jakom (mwenyekiti) wa BMU, kamati ya kusimamia beach. Laisensi ya kurekodi iko kwa faili lakini hiyo ni ya serikali, beach ina wenyewe, na wamama wakingoja boti ziingie hawana wakati wa kukwepa waya zako. Unasalimia, unaonyesha mtakaa wapi, unaambiwa boti gani msiguse, mnaelewana. Dairekta huwa hatumi mtu hapo, huenda mwenyewe.

Saa 12:35 asubuhi
Jua linatoka. Hapa Dunga linatoka upande wa Kano, na ziwa liko magharibi, kwa hivyo asubuhi boti zinazoingia zinapigwa na mwanga mbele, unaona rangi, unaona nyuso, unaona hadi maandishi ubavuni. Jioni ni kinyume, ziwa ndio linang'aa na kila kitu mbele yake kinakuwa cheusi. Hiyo ndio sababu orodha yetu ya shoti haifuati stori, inafuata jua. Leo tumeanza na mwisho wa filamu, mwanzo tutaushuti jioni, na mwigizaji wetu kijana alikuwa anauliza kila saa "sai nimeshafukuzwa kazi ama bado?"

Kitu kingine hawa watu wa YouTube wa Ulaya hawawezi kukwambia ni kwamba ile saa ya dhahabu yao si yetu. Ikweta inapita hapo Maseno tu, jua linapanda karibu wima, digrii 15 kwa saa, kwao linapanda likienda kando kwa hivyo linakaa chini muda mrefu. Sisi tukipata dakika arobaini za mwanga laini tumeshukuru. Tukapiga shoti pana zote na lenzi ya 24 haraka haraka, boti, nyavu, wamama na karai zao, na kufika saa moja na nusu nyuso zilikuwa zimeanza kukunja.

Saa 2 hadi saa 4
Hii ndio kazi yangu yenyewe, fokasi. Kijana anatoka kwa boti anatembea hadi kwa meza na diopi, yule mkuu wa kamera na mwanga, ameweka lenzi ya 85 kwa f/2.8, tundu la lenzi likiwa wazi sana. Akiwa mita mbili kutoka kwa kamera, kina cha fokasi, ile sehemu inaonekana wazi, kwa hiyo kamera yetu ni kama sentimita tisa, yaani ukishika jicho, sikio limeanza kupotea. Huwezi kungoja uone kwa skrini kwamba ametoka nje ndio urudishe, ushachelewa. Unapima na futi ya fundi kabla, mita tano, tatu, mbili, unaweka alama kwa gurudumu la fokasi, na chini unaweka alama ya miguu. Tepu haishiki kwa mchanga umelowa kwa hivyo tulitumia mawe madogo, na alafu mimi siangalii skrini kabisa, naangalia miguu yake. Kijana akaambiwa asiangalie mawe. Ayahisi na kiatu.

Chai na chapati. Tuendelee.

Saa 5 hadi saa 7 mchana
Jua liko kichwani na hapa ndio utajua diopi mzuri ni nani, juu yule mbaya ataendelea kushuti nyuso. Mwanga wa juu unatia mashimo meusi chini ya macho, na sisi wenye ngozi nyeusi ukiongeza ziwa linang'aa nyuma, kamera ikiachwa kwa oto inaona mwangaza mwingi inafunga, mtu anabaki kivuli tu. Usiache oto. Pima uso, alafu amua anga ikiungua iungue. Zile pundamilia za kwa skrini, misitari ya kukuonyesha mwangaza umefika kiasi gani, wanakwambia uweke 70 kwa uso, hiyo ilipangiwa ngozi nyeupe, sisi tunakaa kama 50 na mtu anatoka vizuri na jasho lake na kila kitu.

Tukaacha nyuso tukapiga mikono, kisu, magamba yakiruka, tukiwa chini ya shuka nyeupe imefungwa kwa miti minne. Na filta ya ND, hiyo ni miwani ya jua ya kamera. Wenye huuliza kwa nini isiwe tu kuongeza kasi ya shata: tunarekodi fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, mara mbili ya fremu, ndio mwendo ukae vile jicho limezoea. Ukienda 1/1000 kila gamba linakatika wazi kama picha za gazeti, inafaa mpira, haifai stori. Sasa jua kali kwa ISO 100 (vile kamera inahisi mwanga) na 1/50 linataka f/22, tundu dogo sana, na sisi tunataka f/4, hapo katikati kuna stopu tano za kuua, kila stopu inakata mwanga nusu, ndio ND 32. Shida ni yetu inaingia kwa 50 na 85 tu, ile 24 ina mdomo mkubwa, ndio maana shoti pana zote tulimaliza asubuhi.

Upepo wa ziwa ukaanza saa saba kasoro. Vijana wawili wakaning'inia kwa ile miti hadi tukamaliza.

Lunch: ngege na ugali. Subiri nitaeleza hawa ngege walitoka wapi.

Saa 8 mchana, sini yangu
Stori ni hivi. Kijana amefutwa kwa boti, anakuja kwa mama wa samaki kukopa tena, mama anajua tayari, kijana hajui kama mama anajua. Mama wetu si mwigizaji, ni mama wa samaki kabisa, dairekta alimchagua juu ya mikono yake, hakuna mwigizaji wa Nairobi ataweza kutoa magamba hivyo.

Utaratibu nimefundishwa na sikuutoa: kwanza watu wanatembea bila kamera, alafu taa zinapangwa, alafu mazoezi, alafu ndio unashuti. Ukianza na kamera utaanza kumlazimisha mtu asimame mahali lenzi inapenda, na mama anasimama mahali beseni iko, hiyo ndio logic yake na iko sawa.

Alafu msitari. Chora kutoka kwa mama hadi kwa kijana, meza iko kati. Chagua upande mmoja wa huo msitari na kamera ibaki hapo sini yote, ndio mama awe anaangalia kulia na kijana anaangalia kushoto na mtazamaji ajue wanaongea. Ukivuka, wote wawili wataangalia upande mmoja utadhani wanangoja matatu. Nilichagua kuangalia vibanda nikiwa nimepa ziwa mgongo. Ndio, ziwa ni tamu, lakini saa hiyo lingenilazimisha kupigana na mwangaza na kitu nina nacho cha kurudisha mwanga ni ile karatasi ya kung'aa ya kioo cha gari. Diopi akanijia na sura ya huruma, "lakini cheki ile boti ya buluu kule upande wa pili, omera, ni shoti moja tu." Alikuwa ananipima. Nikamwambia hiyo boti aishuti na simu yake.

Sasa ngege. Mama anatoa magamba akiongea, kila tek, yaani kila tukirudia shoti, samaki lazima aanze mzima, na shoti ya karibu ikifika maneno yale yale lazima awe nusu vile alikuwa kwa shoti pana. Tulinunua wa keji, wale wa kufugwa, juu wanatoka saizi moja, wa ziwani kila mtu na mwili wake. Tek moja ngege mmoja. Mwenye kushika bajeti alikuwa anahesabu kwa sauti. Ndio hao tulikula lunch, wale wa mazoezi, na wengine wakaenda nyumbani na wasee wa taa jioni.

Tek ya kwanza mama akaigiza kweli kweli, mkono kiunoni, kichwa kikatingika, vile mtu hukasirika kwa TV. Ungemwambia apunguze angejua amekosea na angekaza. Kitu nilijifunza ni usimpe mtu hisia, mpe kazi. Nikamwambia, "Mama, wewe maliza huyu samaki kabla kijana amalize kuongea." Akaniangalia, "Nyathina (mtoto wangu), hiyo si ndio nafanya kila siku?" Basi akafanya. Hakumwangalia kijana hata mara moja hadi neno la mwisho, na kijana alivyoona haangaliwi akaanza kujikwaa kwa maneno, hiyo hatukumwambia.

Alafu injini ya boti, alafu korongo juu ya paa, jamaa wa sauti akainua mkono mara ngapi sijui. Tukimaliza akaomba sekunde thelathini watu wanyamaze arekodi beach peke yake, hiyo inasaidia kuziba mapengo wakati wa kukata. Watoto wakauliza kama tunaomba.

Saa 10 jioni
Mvua. Tukaingia kwa kibanda chenye taa za tyubu. Stima yetu ni hezi 50 na 1/50 inakaa nayo poa, wenye hufuata mafunzo ya Marekani wakaweka 30 na 1/60 ndio huona misitari inatembea ukutani.

Saa 12:30
Mvua ikaisha, bahati. Mwanzo wa filamu: kijana anatembea mbele ya jua likizama. Hapa uso mweusi ni wa makusudi, tunapima anga. Jua likigusa upeo mpaka lipotee ni kama dakika mbili tu, hakuna tek ya pili, na hapa kwa kweli matanga imenifundisha kuliko darasa lolote, juu jeneza likishuka halirudishwi, lazima uwe ushasimama mahali unataka kusimama. Nilikuwa nimeshaweka mawe yangu nusu saa kabla.

Saa 2 usiku
Kunakili. Kamera yetu inaandika megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni gigi 45 kwa saa, na leo tuko karibu gigi 90. Diski mbili tofauti, tunafungua klipu kadhaa tuone zinacheza, na kadi hazifutwi leo.

Alafu nikaingiza sini yangu kwa DaVinci Resolve, programu ya kukata video, ile ya bure. Kuna Mrusi anaitwa Lev Kuleshov, kama miaka mia iliyopita alichukua uso ule ule wa mwigizaji akauweka kando ya sahani ya supu, kando ya jeneza, kando ya mwanamke, na watu wakasifu vile huyo mtu anajua kuigiza njaa, huzuni na tamaa. Nimejaribu kwa mama. Uso wake akiangalia samaki, ukitangulizwa na mikono ya kijana iko mifukoni, anakaa ana huruma. Ukitangulizwa na daftari la madeni, yule yule, ni mkali. Dairekta anataka daftari. Mi nataka mikono. Tutaongea kesho jioni nikitoka matanga Ugenya.

Na kama uko Kisumu na una ND ya 82mm ya kukodisha kwa wikendi, nipate kwa comments.