Kansa si ameshapona?

Jamani wiki hii silali, na kinachoninyima usingizi ni maneno ya yule dada wa dirisha la bima. Mnajua tulivyohangaika na kansa ya koo ya Mama mpaka mionzi ya hospitali ya Ocean Road ikaisha tukamshukuru Mungu. Sasa meno ndo yanaoza, tena kwa kasi ya ajabu, maana mionzi iliharibu tezi za mate, mdomo mkavu muda wote, hamalizi sentensi bila kupiga funda la maji. Daktari wa meno kaandika barua kabisa, kwamba yatibiwe mapema yasifike pa kung'olewa, kwa sababu taya lililopigwa mionzi ukiling'oa jino kidonda kinaweza kisifunge na mfupa ukafa.

Yule dada hata karatasi ya pili hakuifunua. "Haya ni meno, dada, na limiti ya meno imeisha." Nikamwambia haya yametokana na kansa, naomba usome hapo chini. Akaniangalia: "Kansa si ameshapona?"

Na Mama kasimama hapo hapo, chupa ya maji mkononi, anasikia.

Mpaka leo nikiwa naosha vyombo namjibu. Namwambia meno haya yalikuwa mazima kabla ya mionzi, na mionzi mlilipia nyie wenyewe, sasa madhara yake mnayakataaje? Mdogo wangu kavishwa pete Jumamosi, ofisi inatuhamishia Kibaha, yote yamenipita hivi hivi, mi nipo pale dirishani tu. Binamu wa Houston ananiambia hata Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa ya wazee, ambayo kwa kawaida meno hailipi, tangu 2024 inalipia huduma za meno zinazoenda pamoja na matibabu ya kansa ya kichwa na shingo. Kwa hiyo inawezekana bwana, ni watu kukaa chini na kuamua.

Jana usiku Mama kanikuta naandika rufaa, kavuta kiti kakaa. "Andika na hili, kwamba nilikuwa namenya miwa kwa meno." Nikaandika. Akaanza kunihadithia miwa ya kwao Turiani, tumecheka mpaka saa sita, sijamsikia akicheka hivyo tangu augue. Kesho napeleka, pamoja na eksirei na barua ya daktari wa mionzi yenye dozi zote, na moyo wangu umetulia kidogo.

Ila mwalimu wa Junior kapiga simu, anataka mzazi Jumatatu asubuhi, hasemi kuna nini, na mtoto nikimuuliza anaangalia chini.