Fungu la mbwa hutoka kabla ya kitunguu

Hapa Moshi mbwa na paka wengi hula tunachokula sisi, na sioni ubaya wake. Shida ni kwamba wanamwagiwa masalia: mchuzi wa kitunguu, chumvi, mifupa. Mimi nimeugeuza utaratibu. Nikipika mtori, nyama na ndizi zikishaiva, kabla sijatia kitunguu, chumvi wala viungo, nachota fungu lao na kulifunika pembeni. Kisha naendelea na chungu cha watu.

Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu, kiwe kibichi, kimepikwa au ni cha unga, na kitunguu saumu vilevile. Paka ndiye dhaifu zaidi: gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumdhuru, kwa hiyo paka wa kilo 4 anaumizwa na gramu 20, kama robo ya kitunguu cha wastani. Mbwa huanzia gramu 15 kwa kilo, lakini mchuzi kidogo kidogo wa kila siku nao hujilimbikiza. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi kupauka, mkojo kuwa wa kahawia, kuhema hovyo. Kwa kuchelewa huko, jirani ndiye hulaumiwa kuwa katega sumu.

Mbwa mzima wa kilo 15 nampimia kwa siku unga wa gramu 120, nyama au utumbo gramu 200, mboga kidogo, kijiko kimoja cha mafuta na nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyosagwa laini, kwa ajili ya madini ya chokaa. Anakula mara mbili. Mbavu zikijitokeza naongeza. Nisipoweza kuzipapasa napunguza.

Unga usiwe ule wa "mahindi ya mbwa", yaliyoota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, na ini la mbwa halistahimili. Sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa akikataa chakula, akatapika na macho yakawa ya njano, ini limeguswa.

Mapafu na maini ya mbuzi au kondoo yenye malengelenge ya maji usimrushie mabichi, hata mchinjaji akikupa bure. Ndani yake mna tegu anayekomaa kwenye utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi na kuturudia sisi. Yenye malengelenge nafukia shimo refu. Yasiyo nayo nachemsha zaidi ya nusu saa.

Paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa. Anahitaji taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu moyo hulegea na macho hufifia. Dagaa naloweka kwanza, mchanga na chumvi vitoke, kisha nachemsha. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa.

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha. Kokwa la parachichi huziba utumbo, kwa hiyo okota yanayodondoka uani. Zabibu kavu, chokoleti, makadamia na mbege (pombe ya ndizi), hapana kabisa.

Akishakula kibaya, usimnyweshe maziwa, mafuta wala chumvi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na kipande cha alichokula, umwambie uzito wake na saa aliyokula.