Na Kwetu Lagosa Kumo Humo?

Mwaka 2008 nilipanda meli ya Liemba pale Kigoma, Jumatano jioni, daraja la tatu. Mkobani nilikuwa na jarida la katuni na kitabu kinene cha kuongoza wasafiri, cha Kiingereza, nilichonunua kwa wauza vitabu vya mtumba kule Posta, Dar es Salaam. Jarida lilikuwa la kuchekea. Kitabu kilikuwa cha kunifikisha Kipili. Ndicho kilichoniambia nibebe tochi, kwa kuwa vituo vingi vya Ziwa Tanganyika wakati ule havikuwa na gati: meli ilikuwa ikisimama majini, abiria wakashukia mitumbwini hata usiku wa manane.

Jarida sikukaa nalo. Mama mmoja aliyeketi juu ya magunia yake alinyoosha mkono. "Mwanangu, hebu nione." Akaanza kuwasomea wenzake, kila mhusika na sauti yake, mpaka sitaha upande ule wote wakawa wanajishika mbavu. Sijapata kusikia katuni zikisomwa vizuri vile.

Lilipokwisha akauliza, "Na hilo jitabu lina nini?"

Nikafungua habari za meli tuliyopanda, nikawa natafsiri polepole. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 vita vilipowazidi, Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila kwanza waliipaka mitambo grisi isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Mzee mmoja alipiga kiganja kwenye chuma cha meli.

"Rudia hapo pa grisi, kijana."

Nilirudia mara tatu. Miaka yote nilidhani kitabu cha namna hiyo ni cha kutazama nauli na nyumba za wageni. Usiku ule kilichangamsha watu kuliko hata redio.

"Na kwetu Lagosa kumo humo?" mama akauliza.

Kumo, mistari miwili: pa kushukia wanaokwenda kuona sokwe wa Mahale. Nikamwonyesha jina kwa kidole. Alilitazama kwa muda.

"Sokwe tu? Watu hatumo?"

"Hamjatajwa, mama."

"Una kalamu? Andika."

Nikaandika pembeni mwa ukurasa kama alivyotamka: mgeni akishuka Lagosa usiku asilale ufukweni, agonge nyumba yoyote, ataonyeshwa pa kulala.

Saa nane usiku honi ikalia. Mitumbwi ikaja na kelele zake, magunia yakateremshwa, kisha mama mwenyewe, jarida langu amelichomeka ndani ya khanga. Sikulidai. Nilimmulikia kwa tochi, naye akageuka akapaza sauti, "Umeandika lakini?"

"Nimeandika, mama!"