Chupa tatu kutoka nyumbani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaagiza watoto chupa. Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi wilayani Temeke, Dar es Salaam, na muhula ule nilikuwa na wanafunzi 84. Nikasema kila mmoja aje na chupa tatu za plastiki, tutengeneze vyungu vya maua. Zikaja. Tukakata, tukapaka rangi, tukapanga dirishani, kila aliyepita akasifu.

Wiki iliyofuata mama mmoja akanisimamisha getini: “Mwalimu, nimenunua soda mbili na maji ili mwanangu asikose chupa.” Maneno yale yaliniuma. Nilikuwa naongeza taka huku nikidhani nazipunguza. Tuliporudi likizo maua yalikuwa yamekauka, na vyungu vikaishia kwenye shimo la taka nyuma ya madarasa, linalochomwa moto kila Ijumaa, moshi ukituingilia madirishani.

Muhula wa pili sikuagiza kitu. Tulikusanya taka zetu wenyewe za siku moja, tukazimwaga kwenye turubai chini ya mwarobaini, tukazichambua kwa vijiti na kuzihesabu. Vipakiti vya ubuyu na vimfuko vya barafu vilishinda vyote kwa mbali. Nikawaeleza kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, wao wakiwa hawajaanza shule. Binti mmoja akauliza, “Sasa madamu, hii ya ubuyu mbona ipo?” Somo langu lote la siku ile halikuwa na swali zuri kama lile. Nikamjibu kwamba katazo lile lililenga mifuko ya kubebea, na kwamba hivi vidogo inabidi tuhangaike navyo wenyewe.

Kwa upande wa chupa nilimwalika bibi anayeokota makopo mtaani kwetu. Alikuja na mizani yake ya kuning'iniza. “Shikamoo bibi!” “Marahaba wajukuu zangu.” Akawaonyesha namna ya kutoa vifuniko na kutenga za rangi na zisizo na rangi, kisha akawauliza: chupa ndogo ngapi zitafika kilo? Wengi walisema kumi. Wakawa wanatia moja moja kwenye kiroba, wakihesabu kwa sauti. Mizani iligonga kilo kwenye chupa ya 68. Darasa likanyamaza, maana kila mtu alimwangalia bibi na viroba anavyobeba kila siku.

Tangu hapo tuna sharti moja kabla ya kutengeneza chochote: nani atakitumia? Vyungu vya maua vilianguka mtihani huo. Kibuyu chirizi, yaani chombo cha kuning'iniza kinachochuruzisha maji kidogo kidogo ya kunawa mikono, kikapita, kwa sababu chooni kwetu hapakuwa na pa kunawa. Mama wa uji alitupa madumu matupu ya mafuta ya kula ya lita 5. Mimi ndiye niliyetoboa, kwa msumari uliopashwa moto, watoto hawakuugusa. Tundu moja dogo, karibu na kitako. Tukajaza maji, tukakaza kifuniko, yakachuruzika kidogo yakakata. Wakadhani tundu limeziba. Mvulana mmoja akalegeza kifuniko, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyake. Akakaza, yakakata tena. Walirudia mara nyingi mno, na hapo nikafundisha habari ya hewa kusukuma maji bila kufungua kitabu. Sasa madumu manne yananing'inia kando ya choo, na zamu ya kuyajaza wanapangiana wenyewe.

Vipakiti vya ubuyu ndivyo vilivyotushinda muda mrefu. Bibi wa makopo havichukui, na kuvifuma mapambo ni kurudi kulekule kwenye vyungu. Watoto wakaamua kwenda kuongea na wauzaji wa getini. Wawili walikataa. Wa tatu alisema atawapimia ubuyu wale watakaokuja na vikombe vyao, na hatapunguza kipimo. Siku hizi kengele ya mapumziko ikilia, unasikia kwanza vikombe vya plastiki na vya bati vikigongana kwenye mabegi.